Namna ya Kutengeneza Mashada ya Krismasi ya Mitindo Mbalimbali

Shada la Krismasi huonekana kuwa kazi ya mapambo, lakini kwa hakika ni kazi ya kufunga. Mtu akilitazama mlangoni huona utepe, koni za msonobari na vitufe vyekundu, ilhali kinachoamua kama shada hilo litadumu au litapukutika kabla ya sikukuu yenyewe ni waya uliofichika nyuma, namna ulivyovutwa, na mwelekeo ambao vitawi vimelazwa. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unakaa zaidi kwenye kufunga kuliko kwenye kupamba, na unaanza na shada la majani mabichi, ambalo ndilo gumu kuliko yote na ndilo linalofundisha mkono. Ukishalimudu hilo, mitindo mingine haitakusumbua.

Shada la kwanza nililolifunga mwenyewe lilinifunza jambo hili kwa uchungu. Nilikata waya baada ya kila kicha, nikafunga fundo dogo, kisha nikaanza na kipande kipya, nikiamini kwamba wingi wa mafundo ndio uimara. Majani yalipoanza kukauka, vikonyo vilisinyaa na kila fundo likalegea kivyake. Siku ya nne nikakuta nusu ya shada iko sakafuni, na pete ya waya imebaki ikining'inia mlangoni, upande mmoja mtupu kabisa. Tangu hapo sikati waya mpaka kazi iishe, na hilo ndilo agizo la kwanza ninalompa yeyote anayeketi nami kujifunza.

Vipimo na vifaa

Amua kwanza mahali shada litakapokaa, kwa kuwa ukubwa wake hutokana na mahali hapo. Kwa mlango wa kawaida wenye upana wa sentimita 90, shada lenye kipenyo cha sentimita 45 hadi 60 hukaa vizuri, yaani kati ya nusu na theluthi mbili ya upana wa mlango. Likiwa dogo kuliko hapo huonekana kama limesahauliwa, na likiwa kubwa zaidi huzuia kitasa na hukwaruzwa kila mlango unapofunguliwa.

Watu wengi hukosea wanapodhani kwamba kipenyo cha pete ndicho kipenyo cha shada. Majani huongeza upana kwa ndani na kwa nje, hivyo pete ya sentimita 30 hutoa shada lililokamilika la takriban sentimita 50. Kuna pia uwiano ambao mafundi wa maua huufuata na ambao nimeuona ukifanya kazi mara zote: unene wa upande mmoja, tundu la katikati, na unene wa upande wa pili viwe kama 1 kwa 1.6 kwa 1. Katika shada la sentimita 50, hiyo ni kusema sentimita 14 za majani, sentimita 22 za tundu, na sentimita 14 nyingine za majani. Tundu likizibwa, shada hugeuka kuwa kichaka cha duara, na jicho hukosa mahali pa kupumzika.

Vifaa ni vichache. Utahitaji pete, ambayo inaweza kuwa ya waya mgumu, ya mabua yaliyofungwa pamoja, au ya fito zilizosokotwa. Waya mwembamba wa kufungia wenye unene wa kati ya milimita 0.5 na 0.7, uliozungushwa kwenye kijiti ili usijitatize. Mkasi wa kupogolea, koleo la kukatia waya, glavu, na utepe. Waya wa rangi ya kijani hufichika vizuri zaidi, ila ule wa kawaida nao unafaa. Bunduki ya gundi ya moto ina kazi yake katika mashada ya karatasi na ya mipira, lakini sishauri kuitegemea kwa shada litakalokaa nje, kwa sababu gundi hiyo hulainika juani na huwa kavu na yenye kukatika baridi inapokuwa kali. Kwa shada la nje, kila kitu kifungwe kwa waya.

Weka pia mafuta kidogo ya kupikia karibu nawe. Utomvu wa misonobari hung'ang'ania vidoleni na kwenye mkasi, na sabuni peke yake haiutoi. Ukisugua kwa mafuta kwanza, kisha ukaosha kwa sabuni, utatoka mara moja.

Kuchagua na kuandaa majani

Jani linalofaa ni lile linalovumilia kukaa bila maji. Msonobari, saipresi na mwerezi zote huvumilia, kila moja kwa namna yake: msonobari una sindano ndefu zinazolipa shada ujazo, saipresi ni laini na hulala vizuri juu ya pete, na mwerezi una vitawi vinavyoinama vyenyewe na kulifanya shada lionekane kama linatiririka. Mkaratusi nao ni mzuri sana, kwa kuwa majani yake hukauka yakiwa yameshikamana na kitawi na kubaki na rangi yake ya kijani yenye kijivu. Majani mororo ya bustanini, hata yakipendeza asubuhi, huwa yamenyauka ifikapo jioni, na ni afadhali kuyaacha kwenye mti wake.

Changanya aina mbili au tatu, zisizidi hapo. Moja iwe ya msingi na ijaze shada lote, nyingine iwe na jani lenye umbo tofauti, na ya tatu, kama ipo, iwe ya rangi tofauti kidogo. Shada lenye aina sita za majani hupoteza sura, na aliyelifunga hutumia muda mwingi kuamua kuliko kufunga.

Kabla ya kukata, hakikisha unaujua mti wenyewe. Oleanda, kwa mfano, hupandwa sana kwa ajili ya maua yake, lakini kila sehemu yake ina sumu. Na vichaka vingi vyenye matunda madogo mekundu yanayovutia macho ya watoto ni hatari pia yakiliwa. Nyumba yenye mtoto anayetambaa au mnyama anayetafunatafuna vitu ni bora itumie matunda ya bandia.

Kata vitawi siku moja kabla ya kufunga, ikiwezekana asubuhi mapema majani yakiwa bado yamejaa maji. Ukifika nyumbani, kata tena ncha ya kila kikonyo kwa mshazari, ondoa majani yatakayozama, kisha visimamishe vyote ndani ya ndoo ya maji mahali penye kivuli na uviache usiku kucha. Hatua hii huonekana ndogo na wengi huiruka, lakini kitawi kilichokunywa maji usiku kucha huchelewa sana kukauka kuliko kilichofungwa moja kwa moja kutoka mtini.

Koni za msonobari nazo zina maandalizi yake. Ukiziokota zikiwa zimejifunga, usidhani zimeharibika. Magamba yake hufunga yakilowa na hufunguka yakikauka. Zisugue kwa brashi kuondoa udongo, zipange kwenye trei iliyotandikwa karatasi ya foili, na uziweke kwenye oveni yenye joto la nyuzi 90 hadi 100 kwa muda wa nusu saa, huku ukizitazama bila kuondoka. Joto hilo huzifungua, huua wadudu waliojificha kati ya magamba, na huyeyusha utomvu wa juu ukabaki kama rangi ya kung'aa.

Shada la majani mabichi, hatua kwa hatua

Hatua ya kwanza ni kukata vitawi vyote kuwa vya urefu unaokaribiana, sentimita 12 hadi 15, na kuvitenga kwa aina. Fanya kazi hii yote kabla ya kugusa waya, kwa kuwa mkono uliokwisha kushika mzunguko haupaswi kuachia kila mara kutafuta mkasi. Pete ya sentimita 30 ina mzingo wa takriban sentimita 94, na kwa kuwa kila kicha kitakaa sentimita 5 nyuma ya kilichotangulia, utahitaji vicha kama 19. Kila kicha kikiwa na vitawi vinne au vitano, hesabu inafika kati ya vitawi 75 na 95. Ni wingi unaowashangaza wanaoanza, na ndiyo sababu mashada yao huanza yakiwa yamejaa na kumalizika yakiwa mepesi.

Hatua ya pili ni kuvipanga vicha. Shika kitawi kirefu kidogo nyuma, viwili pembeni vikiwa vimeelekea nje kama vidole vilivyoachana, na kimoja au viwili vyenye jani tofauti mbele. Ukitazama kutoka juu, kicha kiwe na umbo la feni ndogo. Pangilia vyote 19 mezani kwa mstari kabla ya kuendelea, na hapo hapo ulinganishe unene wake, maana kasoro ya kicha mezani husahihishwa kwa sekunde mbili, ilhali kasoro hiyo hiyo ikishafungwa huhitaji kufungua waya wote uliofuata.

Hatua ya tatu ni kuufunga waya kwenye pete. Zungusha ncha yake mara tatu au nne mahali pamoja, isokote kwa koleo, na uvute kuona kama inateleza. Ikiteleza sasa, itateleza zaidi majani yatakapokuwa juu yake. Kuanzia hapa waya haukatwi.

Hatua ya nne ndiyo kiini cha kazi. Laza kicha cha kwanza juu ya pete, ncha za majani zikielekea upande utakaoufuata kwa shada zima na zikiwa zimepinda kidogo kuelekea nje, na vikonyo vikilala sambamba na pete. Kishikilie kwa dole gumba la mkono mmoja, na kwa mkono wa pili pitisha waya juu ya vikonyo, chini ya pete, kisha juu tena, mara tatu, kila mzunguko ukiwa kando ya mwenzake, usiwe juu yake. Katika kila mzunguko vuta waya mpaka uuone ukizama kidogo kwenye ganda la kikonyo. Hapo ndipo penye siri yote: kikonyo kitasinyaa kadiri siku zinavyopita, na waya uliokuwa umekaza kiasi tu utabaki ukielea, lakini waya uliozama bado utakuwa umekishika. Utausikia mkononi, waya unaokaza hutoa mlio mdogo, mkavu, pale ganda linapoachia.

Hatua ya tano ni kulaza kicha cha pili ili majani yake yafunike vikonyo na waya wa kicha cha kwanza, sentimita 5 nyuma yake, na kukifunga kwa mizunguko mitatu vilevile. Kicha cha kwanza kikielekezwa nje kidogo, cha pili kielekee ndani kidogo, na cha tatu kirudi nje, ili pande zote mbili za pete zifunikwe. Mwelekeo wa jumla usibadilike hata mara moja. Kama umeanza kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa, endelea hivyo hivyo hadi mwisho, kwa sababu kicha kimoja kilichogeuzwa huonekana kutoka mbali kama nywele zilizochanwa kinyume.

Simama kila baada ya vicha vitano, inua shada, litundike kwenye msumari na urudi nyuma hatua nne au tano. Mezani unaliona kwa juu, na majani hulala kwa uzito wake. Likiwa limesimama, mapengo hujionyesha. Tingisha pia. Kitakachoanguka sasa ni afadhali kianguke mbele yako.

Hatua ya sita ni kuunganisha mwisho na mwanzo, na hapa wengi hukata tamaa. Unapobakiwa na nafasi ya kicha kimoja, inua kwa mkono majani ya kicha cha kwanza kabisa, sukuma vikonyo vya kicha cha mwisho chini yake, kisha uzungushe waya mara nne au tano kwa taratibu ukihakikisha hauyabani majani uliyoyainua. Ukiyaachia, yatarudi na kufunika kila kitu. Kicha hiki cha mwisho kiwe kifupi kuliko vingine kwa sentimita 2 au 3, la sivyo kitatengeneza nundu. Sasa kata waya ukiacha sentimita 15, upitishe nyuma chini ya mizunguko ya awali, usokote, na uikunje ncha yake ndani ili isichane mlango wala kidole.

Kupamba, na namna ya kufunga fundo la utepe

Mapambo yawekwe kwa idadi isiyogawanyika kwa mbili, matatu au matano, na yakusanywe pamoja badala ya kutawanywa kwa nafasi sawa. Koni tatu za ukubwa tofauti zilizosongamana upande wa chini kushoto hupendeza kuliko koni nane zilizozunguka kama namba za saa. Ili kuifunga koni, chukua kipande cha waya cha sentimita 25, kipitishe kati ya magamba ya safu ya chini kabisa mpaka kipotee ndani, kisha sokota ncha zote mbili chini ya koni. Hapo umeipatia mkia wa kuifungia kwenye pete.

Vipande vya machungwa yaliyokaushwa hulipa shada rangi ya joto na harufu nzuri. Kata machungwa vipande vyenye unene wa nusu sentimita, vikaushe kwa kitambaa, vipange juu ya waya wa oveni na uviache kwenye joto la nyuzi 90 hadi 100 kwa saa tatu hadi nne, ukivigeuza mara kwa mara. Vikiwa tayari, havinati, na ukivielekeza kwenye mwanga utaona mishipa yake kama dirisha la vioo vya rangi. Havifai kwa shada linalonyeshewa.

Fundo la utepe huwashinda watu kwa sababu wanajaribu kulifunga kama kamba ya kiatu. Njia yake ni tofauti. Chukua utepe wenye waya mwembamba kingoni, upana wa sentimita 6 na urefu wa mita 3. Acha mkia wa sentimita 30, kisha ubane utepe kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Tengeneza kitanzi cha urefu wa sentimita 12 kuelekea kulia, urudishe utepe pale pale ulipobana, na kabla ya kutengeneza kitanzi cha kushoto, uusokote nusu mzunguko ndani ya vidole ili upande wake mzuri uangalie nje tena. Endelea kulia na kushoto mpaka upate vitanzi vinne kila upande, ukisokota kila mara, bila kuachia vidole. Malizia kwa kitanzi kidogo cha katikati kinachofunika mbano, acha mkia wa pili wa sentimita 30, pitisha waya ndani ya kitanzi hicho kidogo na usokote kwa nyuma kwa nguvu zako zote. Fundo litakuwa bado limelala kama kitu kilichokaliwa. Sasa vuta kila kitanzi kivyake, kimoja juu, kimoja chini, na utaliona likifunguka. Kata mikia kwa mshazari na ulifunge fundo kwenye shada, juu ya ile sehemu ya maungio.

Shada la fito lililo nusu wazi

Huu ndio mtindo ninaoupenda zaidi, na unamfaa mwenye majani machache. Kata fito changa au mizabibu inayokunjika bila kuvunjika, yenye urefu wa mita moja na nusu au zaidi, na kama zimeanza kukauka zilowekwe majini mpaka zirudie ulaini. Kunja ufito wa kwanza kuwa duara, usokote ncha yake kuuzunguka wenyewe, kisha ingiza ufito wa pili palipoishia wa kwanza na uusokote kuufuata. Ukifikisha fito saba au nane, pete itajishika yenyewe bila waya wowote. Iache ikauke siku chache ikiwa imelala chini ya kitu bapa, kwa sababu ikikauka ikiwa imetundikwa itapinda na kuwa yai.

Majani hufunika theluthi moja tu ya duara, na theluthi mbili za fito hubaki wazi. Anza kutoka pande mbili, vicha vikielekeana migongo: vitatu au vinne vikielekea juu, vitatu vikielekea upande mwingine, na vikonyo vyote vikutane sehemu moja, ambayo utaifunika kwa fundo la utepe au koni. Upande mmoja uwe mrefu kuliko mwingine. Mkaratusi na mwerezi hapa havina mpinzani, kwa kuwa vinafuata mviringo wa fito bila kulazimishwa.

Shada la vitambaa

Mtindo huu hauhitaji ustadi bali subira, na watoto wanaweza kuufanya. Kata vitambaa vya pamba kuwa vipande vya upana wa sentimita 2.5 na urefu wa sentimita 15, kisha funga kila kipande kwenye pete ya waya kwa fundo moja, ncha zote mbili zikitokeza mbele, na usukume mafundo yabanane. Pete ya sentimita 30 humeza vipande kati ya 150 na 200. Mita moja ya kitambaa chenye upana wa sentimita 110 hutoa vipande zaidi ya 250, hivyo mabaki ya ushonaji yanatosha kabisa. Rangi tatu za karibu karibu hupendeza kuliko nyekundu na kijani kibichi peke yake. Shada hili hudumu miaka mingi, na likishika vumbi hukung'utwa nje.

Shada la karatasi

Kata kadibodi ngumu kuwa pete yenye kipenyo cha nje cha sentimita 30 na cha ndani cha sentimita 18. Viringisha karatasi za ukubwa mmoja kuwa koni zenye ncha kali, kila moja ishikwe kwa tone la gundi, na uzipange kwa kuzunguka huku midomo yake ikiangalia nje. Safu ya kwanza itokeze nje ya kadibodi, safu ya pili ikae juu yake ikiwa imerudi ndani kidogo na kila koni ikilala kwenye pengo kati ya mbili za chini, na safu ya tatu ifunike kadibodi iliyobaki. Kurasa za daftari la muziki au za gazeti lililogeuka manjano hulipa sura ya ukale. Liwekwe ndani tu, mbali na mvuke na mishumaa.

Shada la mipira ya mapambo

Kunja kiango cha nguo cha waya kiwe duara, fungua shingo yake kwa koleo, na kabla ya jambo lolote paka gundi kwenye kofia ya kila mpira, yaani kile kifuniko cha juu chenye kitanzi, na uirudishe, uiache ikauke. Usipofanya hivyo, mipira itachomoka kutoka kwenye kofia zake mmoja baada ya mwingine. Kisha ipitishe kwenye waya kama shanga, mikubwa na midogo ikichanganywa, ukiibana mpaka ijipange pande zote. Ukisha kujaza, sokota shingo ya kiango na ufunike maungio kwa utepe.

Shada la Majilio

Shada hili halitundikwi. Hulazwa mezani na kubeba mishumaa minne, mmoja ukiwashwa kila Jumapili ya Majilio, kipindi cha kungojea Krismasi ambacho Jumapili yake ya kwanza huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba. Asili yake inayofahamika zaidi ni Hamburg, Ujerumani, ambako mwaka 1839 mchungaji Johann Hinrich Wichern, aliyekuwa akilea watoto maskini, alilaza gurudumu la mkokoteni na kulipanga mishumaa midogo myekundu kwa siku za kazi na minne mikubwa myeupe kwa Jumapili, ili watoto waone wenyewe siku zilizobaki. Leo makanisa mengi hutumia mishumaa mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi, ambao huwashwa Jumapili ya tatu.

Tumia pete ya mabua, ambayo ni nene na haitikisiki, na ufunge vicha vifupi vya sentimita 8 tu, vikilala chini. Mishumaa isisimamishwe ndani ya majani. Kila mmoja uwe na kikombe chake cha chuma chenye msumari wa chini unaozama kwenye pete, na majani yapunguzwe kuuzunguka ili yasiukaribie moto hata mshumaa ukishafupika. Kumbuka kwamba mshumaa wa kwanza huwashwa Jumapili zote nne na utafika chini zaidi wakati majani nayo yamekauka zaidi. Kwa hiyo badilisha majani ya karibu nao baada ya wiki mbili, na usiwashe kamwe ukiwa unatoka chumbani. Sindano zikianza kuanguka kwa kuguswa, shada hilo libaki pambo tu, na mishumaa iwashwe kando kwenye sahani.

Kutundika na kutunza

Tengeneza kitanzi cha waya nyuma ya pete, kwenye upande uliouchagua kuwa juu, na ulitundike kwenye ndoano, au pitisha utepe mpana juu ya ubao wa mlango na uufunge upande wa ndani kama hutaki kutoboa. Weka kipande cha kitambaa laini nyuma, mahali waya unapogusa rangi ya mlango.

Shada la majani mabichi lililotundikwa nje penye kivuli na ubaridi huweza kukaa wiki tatu hadi tano. Ndani ya nyumba yenye joto tegemea wiki moja hadi mbili, na jua la moja kwa moja hupunguza muda huo zaidi. Linyunyizie maji kila baada ya siku mbili au tatu, na ulinyunyizie kwa nyuma, kwenye vikonyo, baada ya kuuondoa utepe. Lile la vitambaa na la mipira yahifadhiwe yakiwa yametundikwa ndani ya mfuko, kwa kuwa yakirundikwa hulala upande mmoja na hayarudi.

Msimu ukiisha, lilaze shada la majani mezani, tafuta ile ncha ya waya uliyoikunja ndani, na uanze kuufungua kutoka ulipomalizia. Kama hukuukata, utatoka wote mzima, mzunguko baada ya mzunguko, huku vicha vikidondoka kimoja kimoja. Uzungushe tena kwenye kijiti chake, na pete itundikwe ukutani kungoja Desemba ijayo.